Binti anayetuandikia kutoka chumbani

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya babula zinazokula makala kidogo. Mtuvumilie, tutairudia. Alhamisi kwenye kikao, tulipokwisha kuhesabu akiba ya AVEC na kufunga sanduku, mama mmoja wetu alibaki amekaa, akatoa simu, akasema: "Ngojeni niwasomee kitu."

Jumapili ile alikuwa na wageni, ndugu za mume wake waliotoka Sake. Yeye alikuwa nje, anageuza sambaza kwenye mafuta, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa binti yake mwenyewe, wa miaka 17, aliyekuwa chumbani, hatua kumi hivi kutoka pale mama alipochuchumaa. Uliandikwa hivi: "Mama, wageni wataenda saa ngapi? Niko nataka kwenda ku choo." Choo chao kiko nyuma ya nyumba, na kutoka chumba cha wasichana hakuna njia nyingine ila kupita saloni, mbele ya watu. Wageni walikaa mpaka giza likaanza kuingia. Binti alingoja humo ndani muda wa masaa matatu.

Tulicheka. Lazima tuseme ukweli, tulicheka mpaka wengine wakajifuta macho. Kisha tukaona kwamba mwenye simu hacheki. Alisema shemeji yake mkubwa alimwambia wakati wa kuaga kwamba amelea mtoto wa kiburi, naye hakujua ajibu nini, kwa sababu mtoto huyu si wa kiburi. Asubuhi ndiye aliyemenya viazi vyote, akafua vitambaa vya viti, akapanga vikombe kwa ajili ya wageni haohao. Kicheko kikaisha. Halafu mama wa pili akasema, "Na mimi niko naye wa hivyo." Na wa tatu. Jua lilikuwa linashuka, na hakuna aliyesimama kwenda nyumbani.

Ndiyo maana juma hili tunaandika juu ya hofu ya watu kwa vijana wetu, na juu ya simu pia, kwa sababu katika habari zote tatu simu ilikuwamo.

Kilichotushangaza zaidi ni hiki. Yule binti anayeogopa kuvuka saloni, kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa lake ndiye mwalimu. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anajiandaa kwa Egzeta. Usiku wenzake wanamtumia picha za mazoezi yaliyowashinda, naye anawaelezea kwa vokali moja baada ya nyingine, kwa sauti safi na utani kidogo. Mama yake alisikia moja, akadhani ni mtangazaji wa redio. Asubuhi mwalimu akimwita ubaoni kueleza zoezi lilelile, miguu inakataa. Mara mbili mwezi huo, siku ya kusimama mbele ya darasa, alisema anaumwa tumbo akabaki nyumbani. Na tumbo lilikuwa linamuuma kweli. Hakudanganya.

Sasa, huku kwetu tunapenda mtoto mwenye haya. Binti anayeinamisha macho akitoa salamu, anayepokea kikombe kwa mikono miwili, tunamsifu mpaka na mama yake. Kwa hiyo hofu hii imepata mahali pazuri pa kujificha: inavaa kitenge cha heshima, na mzazi anapita karibu nayo miaka mitano bila kuitambua. Tofauti tunaiona hivi. Mwenye haya anachelewa kuzoea, lakini anazoea. Baada ya nusu saa utamsikia anacheka na binamu zake nyuma ya nyumba. Mwenye hofu hazoei. Siku tatu kabla wageni hawajafika yeye amekwisha kuugua. Wakisha kwenda, analala macho wazi, anarudia kila neno alilosema na namna walivyomtazama. Na polepole maisha yake yanapunguzwa: leo hataki kwaya, kesho hataki harusi ya dada yake, kesho kutwa hataki masomo.

Kwa mvulana ni vibaya zaidi, maana yeye hata sifa ya haya haipati. Ataitwa bubu, ataitwa mwenye madharau. Mama wa tatu kwenye kikao chetu ana mvulana wa miaka 19 ambaye alikataa kuingia kwenye kilio cha baba yake mdogo. Alisimama barabarani, nyuma ya ukuta wa mawe, tangu asubuhi mpaka mazishi. Ukoo mzima unasema hakumpenda marehemu. Usiku mama alikuta kwenye simu ya kijana picha za marehemu, na maneno marefu aliyomwandikia, ambayo hakuyatuma kwa mtu yeyote.

Madaktari wanaihesabu hofu ya namna hii kuwa ugonjwa, mmoja wa magonjwa ya wasiwasi, na wanasema mara nyingi huanza katika umri wa ujana. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba, wenye miaka 10 hadi 19, anaishi na tatizo fulani la afya ya akili. Shirika hilohilo lilieleza mwaka 2019 kwamba mahali palipopita vita ndani ya miaka kumi, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la namna hiyo. Sisi wa Goma hatuhitaji kuambiwa tuko upande gani wa hesabu.

Namna inavyofanya kazi mwilini si ngumu kueleza, kwa sababu kila mmoja wetu anaijua kutoka mahali pengine. Mnakumbuka mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Mnakumbuka moyo ulivyodunda, mikono ilivyotoa jasho baridi, mdomo ulivyokauka, tumbo lilivyogeuka maji. Ile ni kengele ya mwili. Mungu aliiweka ili tukimbie. Basi kwa kijana mwenye hofu ya watu, kengele ileile, kwa nguvu ileile, inalia mwalimu anapotaja jina lake. Mwili hautofautishi bomu na macho arobaini ya darasa. Ukimwambia "hakuna kitu cha kuogopa," anakusikia kama vile sisi tungemsikia mtu aliyetuambia hivyo siku ile tukiwa chini ya vitanda.

Na anapokimbia, kengele inanyamaza. Anapumua. Hapo ndipo ugonjwa unapokula chakula chake. Mwili umejifunza kwamba kukimbia kumeniokoa, na mara nyingine kengele italia mapema zaidi na kwa sauti zaidi. Kila mlango unaofungwa unaufanya ule unaofuata kuwa mzito.

Lakini tusiwahukumu watoto hawa kabla ya kujihukumu wenyewe kidogo, kwa sababu mafundisho ya kubaki ndani tumeyatoa sisi. Hesabuni miaka. Machi 2020 masomo yalifungwa kwa sababu ya korona, tukawaambia watoto wasimsogelee mtu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikatapika moto, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuondoka. Watu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru, wengine Gisenyi, watoto wakalala kwenye sakafu za watu wasiowajua. Halafu ile Januari 2025: siku bila umeme, bila maji, bila intaneti, na neno letu moja tu mchana na usiku: usitoke, usisimame karibu na dirisha, usijibu mlango. Mtoto wa miaka 17 leo amepitisha ndani ya nyumba miaka ileile ambayo sisi tuliipitisha barabarani, tukitumwa huku na huku, tukigombana, tukituliza magomvi, tukijifunza kusimama mbele ya watu bila hata kujua kwamba tunajifunza.

Na kubaki ndani kuliwaokoa. Hilo hatutalikana. Hata leo mvulana anayekataa kupita njia fulani jioni si mgonjwa, ana akili. Mama wa Katindo hawezi kuchukua ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mtoto wa Paris au Chicago, unaosema tu "mtoe nje," kana kwamba nje ni bustani. Kwa hiyo tunapendekeza swali moja, liulizwe polepole, mkiwa mnafanya kazi ya mikono, si uso kwa uso kama hakimu: "Unaogopa kutatokea nini?" Akisema watamshika, watamnyang'anya simu, hiyo ni hofu ya njia, na mnaizungumza kama watu wazima. Akisema watamcheka, wataona mikono inavyotetemeka, atakosa neno, hiyo ni hofu ya macho. Mara nyingi zimechanganyika, na ile ya kwanza inatumika kufunika ya pili, kwa sababu hakuna anayeona aibu kuogopa risasi.

Tuje kwenye simu.

Jueni kwanza kwa nini anaipenda, na tusiseme ni uvivu. Kwenye simu hakuna macho. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Vokali ile iliyosikika kama ya redio, binti alikiri kwamba aliirekodi mara sita. Picha anachagua mwenyewe. Akiona maneno yanakuwa makali, anaweka simu chini, na hakuna anayeuliza mbona umetoka. Kwa mtu ambaye kengele yake inalia ovyo, huu ndio uwanja pekee ambao anaweza kuwa mwerevu kama alivyo. Waliochunguza mambo haya katika nchi nyingi wamekuta jambo hilohilo: wenye hofu ya watu hupenda zaidi kuzungumza kwa maandishi. Na tusisahau kwamba ile Januari, mtandao uliporudi, sisi wenyewe tulilia juu ya simu kwa maneno mawili tu: "Muko wazima?" Simu ilikuwa daraja letu. Haikuwa adui siku ile.

Ubaya ni kwamba uwanja huu nao una miba yake. Usoni kwa mtu unaona kama amekasirika au amechoka tu. Kwenye maandishi huoni. Tangu Novemba 2014 WhatsApp inaonyesha zile alama mbili za bluu, na kwa mtoto wa namna hii alama hizo ni hukumu: amesoma saa mbili usiku, hajanijibu, nimesema nini kibaya? Sisi tunajua huenda mwenzake alikuwa anaosha vyombo au mega zimeisha. Yeye hajui. Anakaa na alama mbili mpaka asubuhi. (Zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya faragha. Binti mmoja alituambia kuzizima kumemrudishia usingizi kuliko ushauri wetu wote.)

Na kuna kicheko. Mvulana mmoja wa mtaa jirani alisimama darasani akasema "le table". Ni kosa dogo la Kifaransa, kosa ambalo nusu yetu tunalifanya ofisini na dunia haianguki. Mwenzake alikuwa anamrekodi na simu aliyoificha chini ya benchi. Kabla ya mchana sauti hiyo ilikuwa kwenye grupu tatu, pamoja na nyuso zinazolia kwa kucheka. Hakurudi masomo kwa siku kumi na mbili. Sisi pia tulichekwa kwa Kifaransa chetu, wamama, nani hakuchekwa? Lakini kengele ya saa sita ililia tukaenda nyumbani, na kicheko kikabaki darasani na chaki. Cha watoto wetu kinawafuata mpaka kitandani, na kesho kinaweza kutumwa upya.

Hapa tuongeze neno ambalo halitatupendeza. Ni nani aliyeweka kwenye status picha ya mtoto akilala mdomo wazi? Ni nani alisema kwenye grupu ya ukoo, mbele ya watu sitini, kwamba binti yangu huyu sijui atampata bwana gani, hajui hata kusalimia? Baadhi yetu tuliangalia chini siku ya Alhamisi. Na ni nani siku hizi anatuma vokali ya pole badala ya kwenda kilioni, ingawa kilio kiko avenue ya pili?

Yule mama wa sambaza alifanya kwanza kile ambacho wengi wetu tungefanya. Alimnyang'anya binti simu. Aliifunga kabatini wiki mbili. Je, binti alitoka saloni? Hakutoka. Alipoteza darasa lake la usiku, mahali pekee alipokuwa mtu mbele ya wenzake, akawa hasemi na yeyote, wala mama. Kula pia kukapungua. Kwenye kikao mama mmoja alisema tufanye kama Australia, ambako tangu tarehe 10 Desemba 2025 sheria inakataza watoto chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za TikTok, Facebook, Instagram na nyinginezo. Tunaelewa, na kwa watoto wadogo hatupingi kuweka mipaka. Usiku simu ilale saloni, hilo tumelikubali karibu sote. Lakini hata kule WhatsApp haikuingizwa kwenye katazo, na binti wetu ana miaka 17, na ugonjwa wake haukuanzia kwenye simu. Simu ni pango alilojificha. Ukilibomoa pango, aliyemo ndani haponi kwa hilo.

Aliyefungua njia ni shangazi yake wa Himbi, mwanamke aliyefundisha watoto miaka mingi. Yeye alisema simu irudishwe, ila itumike kama ngazi. Tunaeleza kwa urefu kwa sababu wengi waliuliza.

Mwanzo ulikuwa mdogo hata kuchekesha. Binti amtumie nyanya yake wa Butembo vokali, moja kila siku, lakini itumwe kama ilivyotoka mara ya kwanza, bila kufuta. Makosa yaende na makosa. Ilimchukua siku nne kuweza. Kisha vokali ziwe simu ya kweli, dakika tano, ambayo haifutiki. Nyanya alifurahi na hakujua kwamba yeye ni dawa. Baada ya hapo, kibanda cha kutolea pesa. Tangu mabanki yafungwe, Januari ileile, nyumba nyingi zinaishi kwa pesa za simu, na kibandani kuna foleni, na lazima useme kiasi na namba kwa sauti watu wakisikia. Siku ya kwanza mama alisimama pembeni yake. Siku ya tatu alisimama ng'ambo ya barabara, karibu na waegesha moto, anajifanya anabei nyanya za kupika. Sharti la shangazi lilikuwa moja: usikimbie wakati kengele iko juu. Kaa hapo, pumua, ngoja ishuke yenyewe, kisha uondoke. Kwa sababu hofu hupanda, hufika juu, kisha huchoka, na mwili unapoiona imechoka bila wewe kukimbia, ndipo unapojifunza kitu kipya. Hii si hekima ya Himbi peke yake. Waganga wa afya ya akili wanatibu hivyohivyo, hatua kwa hatua, pamoja na mazungumzo, na wengi wanapata nafuu.

Darasani mama alikwenda kusema na mwalimu, binti akijua na akikubali, maana bila kukubali ingekuwa aibu nyingine. Mwalimu alikuwa mtu mwema. Mara ya kwanza binti alileta kazi yake imerekodiwa kwenye simu, ikasikilizwa na darasa, yeye akiwa amekaa palepale anatazama daftari. Mara ya pili aliieleza kwa mdomo kutoka kwenye benchi yake. Mara ya tatu ubaoni, rafiki yake akiandika na yeye akisema. Sauti ilitetemeka mpaka mwisho. Alimaliza. Bado kuna Kifaransa cha mdomo cha Egzeta, mbele ya mtahini asiyemjua, na hakuna kati yetu anayeweza kuapa itakuwaje.

Msidhani ilikwenda juu tu. Katikati ya safari hiyo, siku moja alipita saloni na jagi la maji, na binamu mmoja mwenye moyo mzuri na mdomo mkubwa akapaza sauti: "Eeh! Leo amefufuka!" Watu wakapiga makofi. Walifurahi kweli. Binti alirudi chumbani na hatukumwona kwa siku nane. Kwa hiyo tunawaomba, na waambieni mashangazi na wajomba pia: mtoto wa namna hii akitoka, msimsherehekee. Msiseme "huyu ana haya sana" mbele yake. Msimjibie wageni wanapomuuliza jina la masomo yake, hata kama ukimya unawachoma. Hesabuni kumi moyoni. Na jambo la maombi: tunaomba, na tutaendelea kuomba, lakini tafadhali msimsimamishe kijana mbele ya kusanyiko zima ili aombewe hofu ya watu. Mmoja wetu alifanya hivyo. Alituambia mwenyewe, na tulimshukuru kwa kusema.

Kuna mahali ngazi ya nyumbani haitoshi. Kijana akiacha masomo kabisa, akiacha kula, akianza kunywa pombe ili aweze kukaa na watu, akisema au kuandika kwamba heri asingekuwapo, msingoje kikao kijacho. Maneno hayo mara nyingi huandikwa usiku kwenye status kisha hufutwa asubuhi. Aliyeyaona, hata kama ni mtoto wa jirani, agonge mlango wa mama yake. Anzeni kwenye kituo cha afya mlichozoea na mseme wazi kwamba ni habari ya akili na hofu, maana mkisema "tumbo" mtapewa dawa ya tumbo. Hapa Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo, ambacho kazi yake ni afya ya akili. Tunajua watu wanasema nini juu ya anayeonekana akiingia pale. Wawili kati yetu wamekwisha kuingia, kwa ajili yao wenyewe, baada ya ile Januari, na bado wanahesabu pesa za AVEC yenu bila kukosea.

Mama wa yule mvulana wa kilio ameomba tusiandike zaidi juu yake, kwa hiyo tunaacha hapo. Tumekubaliana tu kwamba shangazi wa Himbi atapita kwake.

Jumapili iliyopita wawili wetu tulikwenda kumtembelea mama wa sambaza, bila kutangaza. Tulikuwa saloni, tunazungumza bei ya unga, simu yake ikatikisika mapajani. Alisoma, akatuonyesha chini ya kitenge bila kusema neno. Ilikuwa imeandikwa: "Nakuja kusalimia. Usiseme kitu."

Tukaendelea na bei ya unga. Pazia likafunguka. Alikuja, akatoa mkono kwa mmoja, akatoa kwa mwingine, mkono umelowa jasho. "Muko wazima, wamama?" Tukasema tuko wazima. Akapita, akafungua mlango wa nyuma, akaenda chooni. Mmoja wetu alifungua mdomo. Mwenzake akamkanyaga mguu.